Mtoto wa paka asiye na mama: hanyonyi, haongezeki, anahara, anakataa chakula

Mtoto wa paka aliyepoteza mama hulia kwa sababu nyingi, na njaa ni moja tu kati ya hizo. Hulia akisikia baridi, tumbo likijaa hewa, kibofu kikimbana, au akijikuta peke yake bila mwili wa kujibanza. Mlezi mgeni hujibu kila kilio kwa chupa, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu huanzia hapo.

Kwa hiyo dalili iwe ipi, kagua kwa mpangilio huu: joto la mwili, kisha uzito, kisha mkojo na choo. Maziwa yawe ya mwisho. Mtoto mwenye mwili wa baridi hawezi kumeng'enya maziwa hata yawe bora kiasi gani, na mtoto aliyebanwa na mkojo hatulii kunyonya hata awe na njaa. Ukianzia kwenye maziwa utabadilisha pakiti, utabadilisha chupa, utabadilisha kipimo, na chanzo kitabaki palepale.

## Kawaida ikoje

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu kama 100, pengine pungufu kidogo. Akilishwa vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, na kufikia wiki ya 4 huwa na gramu 400 au zaidi. Kitovu hukauka na kudondoka katika siku chache za mwanzo. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele hutokeza karibu na wiki ya 3, chonge hufuata muda si mrefu, na magego huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 6. Ukiokota watoto usiojua walizaliwa lini, macho na meno ndiyo yatakayokuambia umri wao, na umri ndio unaoamua karibu kila kitu kingine.

Joto la mwili wa mtoto wa wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, chini kuliko la paka mkubwa. Hupanda taratibu mpaka kufikia 38 hadi 39 anapokaribia mwezi mmoja. Siku za mwanzo hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto, hivyo joto lake lote hutoka kwa mama na ndugu zake, na sasa litatoka kwako. Sehemu anayolala iwe na nyuzi 30 hadi 32 wiki ya kwanza, 27 hadi 29 wiki ya pili, na 24 hadi 27 baada ya hapo. Upande mmoja wa boksi uachwe bila joto, ili akizidiwa atambae kwenda huko.

Akiwa usingizini atashtuka-shtuka, miguu itarukaruka na midomo itachezacheza. Wengi huogopa wakidhani ni degedege. Hiyo ni dalili njema. Mtoto mchanga anayelala tuli bila kushtuka kabisa ndiye wa kuangaliwa.

Kifaa ninachokiona muhimu kuliko chupa ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila siku saa ileile, kabla ya mlo, na uandike. Uzito huanza kusimama kabla macho yako hayajaona kwamba mtoto anadhoofika, na wakati mwingine hiyo siku moja ya kujua mapema ndiyo inayomwokoa.

## Mwili ni wa baridi na hataki kunyonya

Ingiza ncha ya kidole safi kinywani mwake. Mtoto mwenye afya ana kinywa cha uvuguvugu na hukishika kidole kwa nguvu. Kama ndani ni baridi na ulimi hausogei, usimpe maziwa. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, utumbo hupunguza mwendo na hatimaye husimama. Maziwa unayoingiza hukaa tumboni yakichacha, au hurudi juu yakaingia mapafuni. Hivi ndivyo mtoto anavyofia mikononi mwa mtu aliyemtakia mema: ameokotwa akiwa baridi, akapewa maziwa papo hapo.

Mpashe joto polepole, kwa saa 1 hadi 3. Mweke kifuani mwako chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, au umlaze karibu na chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo nene. Mgeuze kila baada ya muda. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala kumlaza juu ya kitu cha umeme kisicho na kitambaa, maana ngozi yake huungua upesi na yeye hana nguvu ya kusogea. Kumpasha kwa ghafla nako kunaweza kuuangusha mwili wake badala ya kuuinua.

Akiwa amelegea kabisa, huenda sukari ya damu nayo imeshuka. Koroga sukari au glukosi kwenye maji ya uvuguvugu, chovya kidole, upake kwenye fizi. Rudia kila baada ya dakika chache huku ukiendelea kumpasha joto. Paka tu; usimiminie kinywani mtoto asiyeweza kumeza.

Kinywa kikipata uvuguvugu na akaanza kugeuza kichwa kutafuta chuchu, mpe maziwa kidogo, nusu ya kiasi cha kawaida, kisha usubiri. Kama amepata joto na bado amelala kama alivyokuwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo wakati huohuo, hata kama ni usiku. Watoto wa umri huu huzorota kwa saa, na kusubiri asubuhi mara nyingi ni kuchelewa.

Na ikiwa mwili ni wa joto lakini bado anakataa? Hapo chunguza vitu vidogo. Maziwa yaliyopoa hukataliwa. Yawe ya joto la mwili, karibu nyuzi 38, ukidondosha kwenye kifundo cha mkono usihisi moto wala baridi. Chuchu ya chupa inaweza kuwa haijatobolewa, kwani nyingi huuzwa zikiwa zimeziba. Ukiipindua chupa, maziwa yadondoke tone moja moja polepole. Yakitiririka, tundu ni kubwa mno. Kama chuchu ni kubwa kuliko kinywa chake, tumia bomba dogo la sindano la mililita 1, bila sindano yenyewe, udondoshe juu ya ulimi kwa kadiri anavyomeza. Mwangalie pia kaakaa: likiwa na ufa, hawezi kuvuta maziwa, na huyo ni wa daktari tangu mwanzo.

## Ananyonya vizuri lakini uzito hausogei

Anza na hesabu. Mtoto wa paka huhitaji takribani kilokalori 20 kwa siku kwa kila gramu 100 za uzito wake. Maziwa mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka hutoa karibu kilokalori 1 kwa mililita, lakini soma pakiti yako kwa sababu hayalingani. Basi mtoto wa gramu 100 anahitaji kama mililita 20 kwa siku. Akila kila baada ya saa 3, yaani mara 8, ni mililita 2.5 kwa mlo. Tumbo lake hubeba vizuri mililita 4 hivi kwa kila gramu 100, kwa hiyo usijaribu kufidia mlo uliokosekana kwa kumjaza mara moja. Ongeza idadi ya milo.

Wiki ya kwanza alishwe kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana. Wiki ya pili saa 3 hadi 4. Wiki ya tatu na kuendelea saa 4 hadi 6, ikitegemea uzito wake unavyokwenda.

Kama hesabu iko sawa, angalia unachompa. Maziwa ya ng'ombe yana protini karibu nusu ya ile ya maziwa ya paka, au pungufu, na sukari yake huwaharisha watoto wengi. Maziwa ya mbuzi hayatoshi pia, wala ya kopo ya watoto wa binadamu. Mtoto anaweza kunywa hayo hadi tumbo likajaa, akalala ameshiba, na bado akawa anakonda siku hadi siku. Ukikwama bila maziwa ya watoto wa paka, maji ya uvuguvugu yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini yatamvusha kwa saa chache tu wakati unayatafuta.

Kuna walezi wanaozimua maziwa ya unga kwa sababu yanaonekana mazito, au ili pakiti idumu. Maji yakizidi, mtoto hujaza tumbo kwa maji. Unga nao ukizidi, hufunga choo au kukaukiwa maji. Fuata kipimo kilichoandikwa, usikadirie kwa macho.

Sababu nyingine ambayo haiangaliwi ni boksi la baridi. Mtoto anayelala penye ubaridi hutumia chakula chake chote kujipasha joto na hakuna kinachobaki cha kukulia. Na kama wako kadhaa, lisha mmoja mmoja ukiandika kiasi, maana mwenye nguvu hulia zaidi na hupewa zaidi.

Siku moja uzito ukisimama, kagua yote hayo. Ukisimama siku ya pili, au ukishuka hata mara moja bila sababu unayoijua, nenda kwa daktari.

## Maziwa yanatokea puani, anakohoa

Amepaliwa. Ondoa chupa mara moja, mwinamishe kichwa kidogo kuelekea chini, ufute pua, umwache apumue. Usiendelee kumlisha mpaka pumzi itulie kabisa.

Chanzo cha kwanza ni jinsi anavyoshikwa. Mtoto wa binadamu hulishwa akiwa chali. Mtoto wa paka hunyonya akiwa amelalia tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, miguu ya mbele ikisukumasukuma. Ukimlaza chali, maziwa hutiririka kuelekea kwenye njia ya hewa. Chanzo cha pili ni mkono wako: kuminya chupa au kusukuma bomba ili amalize haraka. Mwache avute mwenyewe. Cha tatu ni tundu kubwa la chuchu.

Kilichoingia mapafuni hakionyeshi madhara papo hapo. Mwangalie kwa siku mbili zinazofuata. Akianza kupumua haraka, kufungua kinywa ili avute hewa, kutoa mlio kifuani au kuacha kunyonya, hiyo ni nimonia na inahitaji dawa za daktari. Usimkatie kipande cha dawa ya binadamu iliyobaki nyumbani. Parasetamoli, hata kidogo, huua paka.

## Tumbo limevimba, hajapata choo

Watoto wa paka hawawezi kukojoa wala kwenda haja wenyewe hadi karibu wiki ya 3 au ya 4. Mama huwalamba ili mkojo utoke. Kazi hiyo ni yako: chovya pamba au kitambaa laini katika maji ya uvuguvugu, upanguse taratibu chini ya mkia, kabla au baada ya kila mlo, mpaka mkojo ukome kutoka. Acha pale tu unapouona mkojo umekwisha. Matone mawili hayatoshi.

Mkojo wa kawaida una rangi ya njano iliyopauka, karibu kama maji. Ukiwa wa njano iliyokolea, hapati maji ya kutosha. Ukikosekana kabisa katika milo miwili mfululizo huku tumbo la chini likiwa gumu, usisubiri zaidi, anahitaji daktari.

Choo cha mtoto wa chupa huwa cha njano kama haradali, laini lakini chenye umbo, mara moja au zaidi kwa siku. Wengine huruka siku moja wakiwa wazima, hasa wanapobadilishwa maziwa. Ikipita siku ya pili, au akijikamua huku akilia, kagua unga unaoweka, ongeza maji kidogo kati ya milo, msugue tumbo kwa mzunguko mwepesi, na umwekee kitambaa cha uvuguvugu nyuma. Usimnyweshe mafuta, kwani hupalia kirahisi, na dawa za kulainisha choo za binadamu zikae mbali naye.

Baada ya kula, tumbo liwe la mviringo na laini. Likiwa limekaza kama ngoma, kuna hewa. Maziwa yaliyotikiswa kwa nguvu hujaa povu, na povu hilo lote huishia tumboni. Yakoroge, kisha yaache yatulie. Baada ya mlo mwegemeze begani, umpigepige mgongo taratibu mpaka acheue.

## Anahara

Dalili hii ndiyo inayowachanganya walezi kuliko zote, kwa sababu vyanzo ni vingi na hatua ya kwanza hutegemea kimoja kati yake. Usianze na dawa. Anza na swali: amelishwa kiasi gani tangu jana?

Kushiba kupita kiasi ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Choo huwa cha njano, kilegevu, kisha kikaelekea ukijani, kwa sababu maziwa yamepita kabla ya kumeng'enywa. Mtoto mwenyewe bado mchangamfu na ana hamu. Punguza kiasi cha kila mlo, na kwa mlo mmoja au miwili changanya nusu ya maziwa na nusu ya maji ya chumvichumvi. Kikianza kushikana, rudisha taratibu. Choo kikigeuka kijivu au cheupe chenye mabonge kama ya maziwa yaliyoganda, mwili hauchukui karibu chochote. Hiyo haitibiki nyumbani.

Kama kiasi kiko sawa, fikiria mabadiliko. Umebadilisha aina ya maziwa? Badilisha kwa siku tatu au nne, ukichanganya ya zamani na mapya. Maziwa yaliyokorogwa yamekaa muda gani? Kwenye friji yasizidi siku moja, na yaliyobaki kwenye chupa baada ya mlo yamwagwe. Hapa mlezi mwenye huruma ya kutopoteza chakula hujiletea taabu, maana mate ya mtoto yameshaingia humo na vijidudu huzaliana haraka kwenye uvuguvugu. Chupa na chuchu zioshwe kwa maji ya moto na sabuni baada ya kila mlo, na kuchemshwa mara kwa mara.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye minyoo na vimelea. Minyoo ya mviringo huambukizwa hata kupitia maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto aliyenyonya siku chache kabla ya kuwa yatima anaweza kuwa nayo tayari. Tumbo huwa kubwa huku mgongo na nyonga zimekonda. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2 au ya 3 na kurudiwa kila baada ya wiki 2, kwa kipimo cha daktari kinachofuata uzito. Kuhara kunakonuka sana, chenye ute, kusikokoma hata baada ya dawa ya minyoo, mara nyingi kunatokana na vimelea vingine vinavyoonekana kwa darubini tu. Peleka choo kibichi kipimwe. Kubahatisha dawa hupoteza siku ambazo mtoto hana.

Hatari yenyewe iko kwenye kupoteza maji. Kuvuta ngozi ya shingo hakutegemeki kwa mtoto mdogo kiasi hiki. Gusa fizi: zikiwa zinanata badala ya kuteleza, na mkojo umekolea, ameshakauka. Damu kwenye choo, kutapika pamoja na kuhara, au watoto wawili kulegea siku moja, vyote ni vya daktari leo hii. Kuna virusi vya paka vinavyoua kizazi kizima kwa muda mfupi, na watoto waliokosa maziwa ya kwanza ya mama hawana kinga. Watenge na paka wengine wa nyumbani, na uoshe mikono kila unapotoka kwao, kwa ajili yao na kwa ajili yako.

## Fizi nyeupe, macho yaliyovimba, kunyonyana

Fizi zinapaswa kuwa za waridi. Zikipauka, tafuta viroboto kabla ya kitu kingine chochote, maana kwenye mwili mdogo hivi viroboto kadhaa hunyonya damu ya kutosha kumuua. Dawa nyingi za viroboto haziruhusiwi kwa umri huu, na zile za mbwa zenye pemethrini ni sumu kwa paka wa umri wowote. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukianza na duara la povu shingoni ili viroboto visikimbilie kichwani, chana kwa chanuo la meno ya karibu, kisha umkaushe kabisa na kumpasha joto. Fizi zikiwa nyeupe pe, kuosha peke yake hakutoshi.

Jicho ambalo halijafunguka lakini limetuna lina usaha nyuma ya kope. Lisipotolewa usaha linaweza kupofuka. Kwa daktari, siku hiyohiyo. Macho yaliyokwisha kufunguka na kugandana kwa tongotongo yafutwe kwa pamba yenye maji safi ya uvuguvugu, pamba mpya kwa kila jicho.

Watoto wasio na mama hunyonyana, hasa sehemu za siri, mpaka zikavimba na mkojo ukaziba. Ukiona wekundu, watenganishe kwa kizuizi, uwakutanishe wakati wa mlo tu. Tabia hii huisha wanapoanza kula.

## Kuhamia chakula kigumu

Usiongozwe na tarehe. Ongozwa na meno na tabia. Mtoto aliye tayari ana chonge zilizotokeza, anasimama na kutembea bila kuyumba, na anaanza kuing'ata chuchu badala ya kuivuta. Kwa wengi hiyo ni karibu wiki ya 4. Wengine wiki ya 5. Aliyekuwa mgonjwa au mdogo kuliko ndugu zake apewe muda zaidi. Kumharakisha hakuna faida yoyote isipokuwa kukupunguzia usingizi uliokatika, na gharama yake anailipa yeye.

Anatafuna chuchu na kuitoboa. Utayari huo. Lakini kagua chuchu kila mlo, kwani kipande kikikatika na kumezwa kinaweza kuziba utumbo. Yenye ufa itupwe.

Anakanyaga uji, anajipaka, hali. Hii ni hatua ya kawaida, wala hakuna cha kutibu. Uji wenyewe ni chakula laini cha kopo cha watoto wa paka kilichopondwa na maziwa yaleyale anayoyajua, mwepesi kama supu nzito, wa uvuguvugu, kwenye sahani bapa. Kwanza mlambishe kwenye kidole, kisha shusha kidole mpaka kwenye sahani. Usimsukume uso kwenye chakula. Atavuta uji puani na kesho ataikimbia sahani. Akimaliza mfute kwa kitambaa chenye unyevunyevu na umkaushe, kwa sababu manyoya yaliyolowa humpoza na uji ukikauka huchubua ngozi.

Anakataa kabisa, analilia chupa. Mpe sahani mwanzoni mwa mlo, akiwa na njaa kiasi, kisha chupa baadaye. Ukianza na chupa hana sababu ya kujaribu. Ukimnyima chupa ili njaa imfundishe, utamkondesha, na mtoto wa wiki 4 hana akiba ya kuhimili mlo mmoja mmoja unaopotea. Kiweke chakula kiwe na joto ili kinukie. Jaribu aina nyingine ya ulaini: kuna wanaochukia uji na kukubali vipande vidogo vya nyama ya kopo bila maziwa. Mweke pia karibu na ndugu aliyekwisha jua kula. Akikataa na hata chupa pia, siyo ukaidi tena. Pua yake ikiwa imeziba kwa mafua hanusi chakula, na paka asiyenusa hali.

Anahara tangu ameanza kula. Choo kitalegea kidogo na kugeuka kahawia, hilo lisikutishe. Kikiwa maji, rudi nyuma hatua moja: maziwa zaidi, chakula kidogo, kwa siku mbili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mlezi anayeleta kopo jipya, chakula kikavu na maziwa mapya wiki moja hatajua kamwe ni kipi kilichomvuruga mtoto.

Uzito umesimama. Hutokea kwa siku moja chupa inapopunguzwa. Ukisimama kwa siku mbili, rudisha mlo mmoja wa chupa, wa usiku ni bora. Kinachoonekana kuliwa mara nyingi kimeishia miguuni na sakafuni, hivyo mpime kabla na baada ya mlo ujue kilichoingia. Akiwa anakula vizuri alishwe mara 4 au zaidi kwa siku. Wengi huacha chupa kabisa kati ya wiki ya 6 na ya 8.

Hanywi maji. Maji yawekwe tangu siku ya kwanza ya uji, kwenye chombo kifupi asichoweza kuzama. Wengi hawayagusi kwa siku kadhaa kwa kuwa uji unawatosha. Jali zaidi unapoingiza chakula kikavu: mwanzoni kilowekwe mpaka kilainike, na unyevu upunguzwe kidogo kidogo hadi magego yatoke.

Kuhusu kinachofaa kuwa chakula, kiwe cha watoto wa paka. Chakula cha mbwa hakina taurini ya kutosha, na paka akiikosa kwa muda huathirika macho na moyo. Makombo yenye kitunguu au kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Nyama tupu nayo haimtoshi, kwani mifupa inayokua inahitaji kalisi ambayo nyama haina.

Anaenda haja popote. Anza trei ya mchanga wiki hiyohiyo ya uji. Iwe na ukingo mfupi, ikae mbali kidogo na sahani, na baada ya kila mlo mweke ndani yake. Acha humo kipande cha pamba uliyompangusia ili harufu imwongoze. Usitumie mchanga unaoganda ukilowa: watoto wa umri huu huonja kila kitu, na ukimezwa huvimba tumboni. Endelea kumpangusa mpaka uone kwa macho yako kwamba anakojoa na kupata choo mwenyewe, halafu acha.